Filamu za Krismasi zilikotoka: kijitabu cha kadi, vizuka vya Dickens na shairi la dukani

Desemba 1943, Philip Van Doren Stern, mwandishi wa vitabu vya historia nchini Marekani, alichapisha kwa pesa zake kijitabu chenye hadithi moja fupi, The Greatest Gift. Alipiga nakala 200 akawatumia marafiki badala ya kadi za Krismasi. Hadithi yenyewe ilikuwa imemjia mwaka 1938, lakini alipoitembeza sokoni hakuna aliyeinunua. Nakala moja ikapenya hadi Hollywood, na mwaka 1944 studio ya RKO ikamlipa dola 10,000. Mwishoni mwa 1946 ikatoka filamu ya It's a Wonderful Life.

Anayeijua filamu akikisoma kijitabu atadhani amepewa kitu kingine. Tajiri Potter hayumo. Malaika Clarence hayumo. Hakuna pesa za ofisi zinazompotea shujaa. Na hata hivyo filamu inatangaza, kwa haki kabisa, kwamba imetokana na hadithi hiyo. Neno "kutokana" ndilo linalowachanganya watu, maana linabeba mambo yasiyofanana: mara filamu imechukua kitabu kizima, mara imechukua wazo la ukurasa mmoja, mara kitabu ndicho kilichozaliwa na filamu. Sheria ya hakimiliki nayo huitazama filamu kwa matabaka, na tabaka moja linaweza kuwa huru wakati la chini yake lina mwenyewe. Matabaka hayo ndiyo yaliyoamua, kuliko uzuri wa kazi, ni filamu gani zingeonekana kila Desemba.

Mzee wao wote

A Christmas Carol ya Charles Dickens, hadithi ya tajiri bahili Scrooge anayetembelewa na vizuka mkesha wa Krismasi hadi akabadilika, ilitoka London tarehe 19 Desemba 1843. Miezi michache kabla yake Dickens alikuwa ametembelea shule ya watoto maskini ya Field Lane na kusoma ripoti ya tume iliyochunguza ajira ya watoto migodini na viwandani. Mwanzoni alikusudia kuandika waraka wa kutetea watoto wa maskini. Baadaye aliona hadithi itapiga kwa nguvu zaidi, akaiandika kwa muda wa wiki sita hivi. Jambo lenyewe halikuwa geni kwake: alipokuwa na miaka 12 baba yake alifungwa gereza la wadaiwa la Marshalsea, na yeye akapelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha dawa ya viatu.

Gharama za uchapishaji alizibeba mwenyewe. Nakala 6,000 za kwanza, shilingi tano kila moja, ziliisha kabla ya Krismasi, lakini jalada la kitambaa, kingo za dhahabu na picha zilizopakwa rangi kwa mkono vilikula faida. Alitarajia pauni 1,000, akaambulia 230 hivi. Januari 1844 wakatokea watu waliochapisha hadithi yake bila ruhusa. Aliwashtaki, akashinda, wao wakatangaza kufilisika, na gharama za kesi, kama pauni 700, zikamwangukia yeye aliyeshinda.

Leo kazi hiyo ni ya kila mtu, na ndiyo sababu hakuna hadithi ya Krismasi iliyopigwa filamu mara nyingi kama hii, kuanzia filamu fupi ya Uingereza ya mwaka 1901. Studio haihitaji kumlipa mtu. Inachohitaji ni mwigizaji wa kuwa Scrooge.

Ukitaka kujua kama filamu fulani imekisoma kitabu au imekipitia juujuu, subiri mwisho wa ziara ya kizuka cha pili. Kitabuni kizuka hicho kinafunua joho lake, na miguuni pake wanaonekana watoto wawili waliokonda, wenye sura za wazee: mvulana ni Ujinga, msichana ni Uhitaji. Kinamwonya Scrooge awaogope wote wawili, na zaidi yule mvulana. Hapo ndipo ule waraka uliokusudiwa mwanzoni ulipojificha. Filamu ya studio ya MGM ya mwaka 1938 iliwatupa nje watoto hao, ikamtupa na mchumba wa Scrooge, ili pabaki kitu chepesi cha kutazamwa na familia. Ile ya Uingereza ya mwaka 1951, Alastair Sim akiwa Scrooge, iliwabakiza. Kwa maoni yetu hilo peke yake linatosha kuiweka mbele ya mwenzake.

Lakini filamu hiyo ya 1951 nayo imeongeza ya kwake. Dada wa Scrooge, ambaye kitabuni ni mdogo wake, amefanywa mkubwa, na mama yao anakufa akimzaa Scrooge, jambo linaloeleza chuki ya baba. Mchumba anayeitwa Belle amekuwa Alice. Ameingizwa pia mfanyabiashara laghai, Jorkin, anayemvuta kijana Scrooge kwenye tamaa. Nyongeza hizo zimekaa vizuri hivi kwamba wengi huapa ni za Dickens.

Hapo ndipo vikundi vya maigizo vya makanisa na shule hukwama. Mtu anaitazama filamu mara mbili, anaandika mswada kwa kukumbuka, kisha anasema ametumia kitabu cha zamani kisicho na mwenyewe. Akitokea Jorkin kwenye mswada wenu, mmenakili filamu. Mkiimba nyimbo za filamu ya 1970 ya Albert Finney, mmechukua mali ya watu. Dawa ni kuanzia matini ya 1843. Kwa sheria za Kenya na Tanzania, haki ya mwandishi hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya mwaka aliokufa. Dickens alifariki 1870, kwa hiyo kukitafsiri kitabu, kukiigiza na kuuza tiketi hakuhitaji ruhusa ya mtu. Tafsiri iliyofanywa na mtu mwingine karibuni ni jambo tofauti: mfasiri naye ana haki yake.

Na msijaribu kukiigiza chote. Dickens alipokisoma hadharani Birmingham Desemba 1853 alitumia kama saa tatu, na kadiri alivyozidi kukisoma ndivyo alivyozidi kukipunguza. Sehemu zake ni tano, nazo ameziita beti, kwa kuwa kitabu chenyewe kimepewa jina la wimbo. Karamu ya akina Cratchit, familia maskini ya karani wa Scrooge, ibakizeni hata mkipunguza vingine, na mtazame vyombo vyake: bata bukini anachukuliwa kwa mwoka mikate alikopelekwa kuokwa, kwa sababu nyumba za maskini hazikuwa na tanuri, na pudini inachemshiwa kwenye sufuria kubwa ya kufulia, hata inapofunguliwa chumba kinanuka kama siku ya kufua. Bata mzinga ni yule anayenunuliwa na Scrooge asubuhi ya mwisho. Ukiwapa akina Cratchit bata mzinga tangu mwanzo, zawadi ya Scrooge inakosa uzito.

Kuna utani mmoja ambao Mkenya ataushika kuliko Mmarekani. Karani wa Scrooge anaitwa Bob na analipwa shilingi 15 kwa wiki. Kwa Kiingereza cha mitaani cha London shilingi iliitwa "bob", kama inavyoitwa Nairobi hadi leo. Dickens anasema kila Jumamosi Bob alitia mfukoni nakala 15 za jina lake.

Kutoka brashi hadi SACCOS

Turudi kwa Stern. Hadithi yake ina maneno kama 4,000 tu. George Pratt, karani wa benki katika mji mdogo, amesimama darajani mkesha wa Krismasi akitaka kujirusha. Hana deni wala kesi. Amechoshwa na maisha yasiyokwenda popote. Anatokea mtu asiyejulikana, George anasema heri asingezaliwa, na mtu yule anamkubalia. Anampa mkoba wa brashi ili, akipita nyumba kwa nyumba, ajifanye mchuuzi. George anakuta mji wasiomjua: mke wake ameolewa na mlevi, mdogo wake alizama majini utotoni kwa kuwa hapakuwa na kaka wa kumwokoa. Anaomba arudishiwe maisha yake, anarudishiwa, na nyumbani anaikuta brashi kwenye kochi. Hadithi imekwisha.

RKO iliipata kwa ajili ya mwigizaji Cary Grant. Waandishi watatu waliijaribu kwa zamu, akiwemo Dalton Trumbo, na hakuna mswada uliokubalika. Shida inaeleweka. Kuchoka ni sababu nzuri kwa hadithi ya dakika 20, lakini mtazamaji atakayekaa zaidi ya saa mbili anataka kujua kwa nini mtu anayependwa na wote afike kwenye ukingo wa daraja. Frank Capra, aliyeinunua kazi hiyo mwaka 1945, pamoja na waandishi Frances Goodrich na Albert Hackett, waliijaza pengo kwa kuigeuza mizani. Tukio la darajani, ambalo kwa Stern ndiyo mwanzo, wao walilipeleka karibu na mwisho. Sehemu kubwa ya filamu ni maisha ya George, sasa George Bailey, kabla ya daraja. Kisha wakaweka msiba unaoshikika: dola 8,000 za ofisi zinapotea siku ya ukaguzi, na aliyezishika ni tajiri Potter, anayekaa kimya.

Ofisi yenyewe ni ndugu wa SACCOS zetu. Wanachama wanaweka akiba, akiba inakopeshwa kwa wenzao wajenge nyumba. Tazama kwa makini tukio la watu kukimbilia fedha zao. Umati umejaa kaunta, kila mmoja anataka chake. George anawaambia pesa haziko kwenye kasha. Ziko kwenye nyumba ya Joe, kwenye nyumba ya jirani. Potter naye ametangaza kununua hisa zao kwa nusu ya thamani. Mwanachama wa kwanza anadai dola 242 zote na hazungumziki. George anatoa dola 2,000 zake za fungate na kuanza kuzigawa. Wa pili anachukua 20 zimtoshe kwa sasa. Mama mmoja mnyenyekevu anauliza kama anaweza kupata 17 na nusu, na George anambusu. Saa ya kufunga inapofika zimebaki dola mbili. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye mkutano mkuu wa chama cha akiba na mikopo anajua yule wa 242 ni nani na yule wa 17 na nusu ni nani. Hakuna hata mstari mmoja wa tukio hilo uliotoka kwa Stern.

Theluji ya filamu hiyo nayo ni kazi ya mafundi. Ilipigwa California kuanzia Aprili hadi Julai 1946, joto kali. Darajani jasho linaonekana usoni mwa James Stewart, mwigizaji wa George. Desturi ilikuwa kutumia kornifleksi zilizopakwa rangi nyeupe, ambazo zikikanyagwa hupiga kelele mpaka sauti za waigizaji zirekodiwe upya. Fundi Russell Shearman akachanganya povu la kuzimia moto na sabuni, maji na sukari, likapulizwa kwa mashine. Theluji ikawa kimya, na sauti zikarekodiwa palepale.

Sokoni filamu ilianguka. Iligharimu zaidi ya dola milioni 3 na RKO ikaandika hasara ya zaidi ya nusu milioni.

Nyumba bila kiwanja

Ilifufuliwa na uzembe wa ofisini. Sheria ya Marekani ya mwaka 1909 ilizipa kazi ulinzi wa miaka 28. Mwaka wa 28 mwenye kazi alipaswa kuwasilisha ombi la kuongezewa muda. Asipowasilisha, ulinzi unakatika. Filamu ya 1946 ilitakiwa kuombewa 1974. Kampuni iliyokuwa ikiimiliki haikuomba. Vituo vya televisheni vikagundua vina filamu ya saa mbili isiyodaiwa senti, vikaionyesha Desemba nzima, mwaka baada ya mwaka. Kizazi kilichokua na televisheni hizo ndicho kilichoifanya filamu ya Krismasi kuliko zote.

Kisha mwaka 1993 vituo vikaambiwa visimame. Wengi hapa hupotea: kitu kikishakuwa cha umma, kinarudije mikononi mwa mtu? Wenyeji wa Mombasa hawatashangaa, kwa kuwa kwao kuna nyumba ambazo mwenye nyumba si mwenye kiwanja. Filamu ni nyumba. Picha zenyewe zilikuwa zimeachwa bila mwenyewe, lakini kiwanja, yaani hadithi ya Stern, bado kilikuwa na hati halali, na haki za hadithi zilikuwa mikononi mwa kampuni ya Republic Pictures. Republic ilinunua na haki za muziki. Huwezi kuonyesha filamu bila hadithi yake wala sauti yake, hivyo uhuru wa picha ukabaki jina tu. Mwaka 1994 kampuni ya televisheni ya NBC ikapata haki ya pekee ya kuionyesha Marekani.

Nguvu ya kudai hivyo ilitoka kwenye hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu filamu nyingine kabisa, Rear Window ya mwaka 1954. Mwandishi wa hadithi ya msingi, Cornell Woolrich, alikuwa ameuza haki ya filamu lakini akafa kabla muda wa kuhuisha haujafika. Mahakama ikasema wenye filamu hawawezi kuendelea kuivuna bila ruhusa ya aliye na haki mpya ya hadithi. Kesi inaitwa Stewart dhidi ya Abend. Stewart huyo ni James Stewart, aliyekuwa na sehemu yake katika Rear Window, na ndiye George Bailey. Alishindwa.

Kitabu kilichozaliwa na filamu

Miracle on 34th Street ya mwaka 1947 huwapiga chenga wapenzi wa vitabu. Kuna riwaya fupi ya Valentine Davies yenye jina hilo hilo na mwaka huo huo, kwa hiyo watu hudhani filamu imetokana nayo. Ukweli ni kinyume. Davies alikuwa na wazo tu, George Seaton akaliandikia mswada na kuongoza filamu, na riwaya ikaandikwa ifuate. Oscar aliyopata Davies ni ya hadithi asilia, si ya kitabu. Edmund Gwenn, aliyepata yake kwa kuwa Santa Claus, alipanda kweli kwenye gwaride la duka la Macy's, New York, la Novemba 1946 huku kamera zikipiga. Gwaride halirudiwi, kwa hiyo ilibidi wapate picha siku ile ile. Filamu ilitolewa katikati ya mwaka, matangazo yakificha Krismasi, kwa kuwa mkuu wa studio aliamini watu huenda sinema zaidi majira ya joto.

Die Hard, filamu ya mapigano, nayo ilitoka Julai, mwaka 1988. Wabishani wa kama ni filamu ya Krismasi au la wangeanzia kitabuni: Nothing Lasts Forever ya Roderick Thorp, 1979, inatokea mkesha wa Krismasi ndani ya jengo refu Los Angeles. Kwa kuwa kitabu hicho ni mwendelezo wa kingine ambacho Frank Sinatra alikuwa amekiigiza mwaka 1968, mkataba uliilazimu studio impe Sinatra nafasi ya kwanza. Alikuwa amevuka miaka 70, akakataa. Kitabuni shujaa ni mzee anayemtembelea binti yake, na binti anakufa. Filamu ikamgeuza binti kuwa mke na kumwacha hai.

The Grinch, hadithi ya kiumbe anayetaka kuiba Krismasi, haina utata wowote: kitabu cha Dr. Seuss cha 1957, katuni ya televisheni ya 1966. Rangi ya kijani ya Grinch ilitoka kwenye katuni. Kitabu kilichapwa kwa nyeusi, nyeupe na wekundu.

Rudolph ndiye mwenye safari ndefu. Robert L. May, mwandishi wa matangazo wa maduka ya Montgomery Ward, Chicago, aliagizwa mwaka 1939 aandike kijitabu cha kuwapa bure watoto wa wateja. Mke wake alikuwa mgonjwa mahututi na alifariki mwaka huo huo. May aliendelea na shairi la kulungu mwenye pua nyekundu, na nakala milioni 2.4 zikagawiwa msimu ule. Mwaka 1947 kampuni ikamkabidhi haki. Shemeji yake, Johnny Marks, akatunga wimbo, Gene Autry akauimba mwaka 1949. Filamu ya vikaragosi ya mwaka 1964 inafuata zaidi wimbo kuliko shairi: kwa May, Rudolph si wa kundi la Santa hata kidogo, anaishi kwao, na Santa anamkuta amelala alipoingia kuacha zawadi, chumba kikiwa kimeng'aa kwa pua yake.

Mwisho wa filamu hiyo kuna tarehe ya hakimiliki kwa namba za Kirumi. Herufi moja, M, ilisahaulika, ikasomeka MCLXIV, yaani mwaka 1164. Kwa sheria ya wakati ule tarehe kwenye tangazo ilikuwa na uzito, na wapo wanaojenga hoja kwamba ulinzi wa filamu ulikwisha karne nyingi kabla haijatengenezwa. Wanaotaka kuionyesha bila kulipa kwa hoja hiyo bado wana wimbo wa Marks na shairi la May chini ya miguu yao.